Mdhamini wa Usingizi

Nchi ninayoisimulia hutaiona kwenye ramani, maana wakubwa wake waliifungia ramani kabatini ili maadui wasijue tulipo. Sisi wenyewe tunajua tulipo kwa kubahatisha. Lakini ni nchi nzuri, ina amani, na ina shirika lake la ndege, jambo ambalo majirani zetu wenye barabara za lami na maji ya bomba wanatuonea wivu mpaka leo.

Shirika lenyewe linaitwa Tai wa Taifa. Ndege zake chache zinaruka, na nyingine zimeegeshwa nyuma ya karakana zikitoa vipuri kwa wenzao, kama kaka wakubwa walioacha shule ili wadogo wasome. Marubani walikuwa wengi hapo zamani. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda nchi za mafuta, ambako tulisikia kwamba rubani hulazimishwa kulala kabla ya kupewa ndege. Tuliwacheka sana. Waliobaki ungeweza kuwaketisha kwenye mkeka mmoja na nafasi ikabaki.

Mimi nilikuwa mtangazaji wa uwanja wa ndege. Ile sauti uliyoisikia ikikwambia kwamba ndege imechelewa na tunaomba radhi kwa usumbufu, ilikuwa yangu. Naomba usinikasirikie, radhi niliiomba kwa dhati kila mara.

Basi marubani wale waliobaki walikwenda kwa Waziri wa Anga kumwambia kwamba wamechoka. Msemaji wao alikuwa Kapteni Elinami, mtu mrefu, mpole, mzaliwa wa milima ya kaskazini, ambaye ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kushindwa kumkatalia mtu jambo.

"Mheshimiwa," alisema, "tunashuka ndege moja tunapanda nyingine. Juzi nikiwa angani nilijikuta nimefumba macho. Nilipofumbua nikamwona msaidizi wangu, na yeye kafumba."

Waziri alilipeleka jambo hilo kwa wananchi, kwa kuwa ni mtu wa watu. Alisimama mbele ya waandishi wa habari, akafuta kijasho, akasema:

"Ndugu wananchi, tujiulize bila jazba. Mkulima analima akiwa ameinama. Askari analinda akiwa amesimama. Kuli anabeba akiwa anatembea. Je, rubani? Rubani anafanya kazi akiwa amekaa! Tena kwenye kiti cha kuegemea! Sasa kama mtu aliyekaa anachoka, mimi niliyekaa kwenye uwaziri muda wote huu ningekuwa marehemu!"

Tulipiga makofi. Kusema kweli, hoja ilikuwa nzito. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba muda ambao rubani yuko angani uhesabiwe kuwa ni mapumziko yake. Mkurugenzi wa Shirika, Bwana Kishamawe, akapanga ratiba mpya: rubani anapeleka ndege mji wa ziwani, anapumzika wakati wa kuirudisha, na kwa kuwa ametua akiwa amepumzika, anakabidhiwa nyingine. Hesabu ilikubali. Mwili wa binadamu ndio uliokuwa mkaidi. Kwa tahadhari, ile methali ya haraka haraka haina baraka ilifutwa kwenye vitabu vya shule kwa kosa la kuhujumu uchumi.

*

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakaja wageni, wakaguzi wa usalama wa anga kutoka nje, watu wa mashati ya mikono mifupi na maswali mafupi. Waliuliza moja tu: "Mnajuaje kwamba rubani amelala?"

Chumba kizima kilitazama dari. Ndipo Bwana Kishamawe, ambaye mjomba wake hakumweka pale bure, akasema kwamba katika nchi yetu mtu hakopi bila mdhamini, hatoki mahabusu bila mdhamini, wala hapangi chumba bila mdhamini. Kwa nini arushe ndege bila mdhamini? Na kwa sababu mtu aliyelala hana ushahidi wa usingizi wake mwenyewe, shahidi lazima awe yule aliyekuwa karibu naye. Mke, kwa mfano.

Wakaguzi walitazamana, wakamaliza soda zao, wakaondoka.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mdhamini wa Usingizi. Kaunta yake iliwekwa ukumbini, karibu na mizani ya mizigo. Kabla ya kila safari mke wa rubani alikuja, akainua mkono wa kulia, akaapa mbele ya Afisa Udhamini kwamba mumewe alilala. Wake walishonewa vitenge vyenye picha za tai. Rubani mmoja ambaye hajaoa alimleta shangazi yake kutoka kijijini, na yule bibi akaapa kwa furaha kwamba mtoto huyu tangu azaliwe ni bingwa wa kulala, hata shule alifukuzwa kwa hilo. Alikubaliwa papo hapo.

Kazi yangu ilikuwa kuwatangazia abiria. Mwanzoni niliandikiwa kusema, "Abiria wapendwa, rubani wenu amelala," mpaka mzee mmoja aliponyanyua kikapu chake akatoka mbio hadi barabarani. Tukabadilisha. Ikawa, "Abiria wapendwa, rubani wenu amedhaminiwa."

Jambo dogo nililosahau kulitaja ni kwamba kwa sheria hiyo, likitokea lolote, wa kuwajibika ni mdhamini. Si Shirika. Si Wizara. Wajibu wote ulihamishwa kutoka makao makuu ukapelekwa vyumbani mwa watu, na hakuna aliyesikia kishindo.

*

Mke wa Kapteni Elinami anaitwa Nakijwa. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na ukimtazama usoni unajua kwamba kusema uongo kunampa shida kama kumeza kidonge kikavu. Mtoto wao wa kwanza ni Kunda, kwa hiyo ukumbini wote tulimwita Mama Kunda. Mimi aliniita shemeji, kwa sababu Kapteni na mimi tulikuwa tunashiriki sigara nyuma ya kibanda changu, enzi zile alipokuwa na muda wa sigara.

Siku ya kwanza alipoitwa kudhamini alisema kweli. "Hakulala," alisema. "Alikuja, akaoga, gari likaja kumchukua."

Kapteni alisimamishwa kazi kwa kosa la kutolala kwa makusudi. Mama Kunda aliitwa ofisini, akaulizwa na wanaume wanne kama ndoa yake ina matatizo. Na ile ndege haikubaki chini, la hasha. Ilipewa kijana Mbelwa, rubani ambaye Kapteni mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na ambaye alikuwa ameshuka kutoka safari nyingine hata jasho halijamkauka. Mbelwa aliikosa njia wakati wa kutua, akasimamia majanini. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia.

Kapteni aliporudishwa kazini alimwambia mkewe, "Unaona, Mama Kunda? Nisipochoka mimi, anachoka mtoto wa mwenzio."

Baada ya hapo Mama Kunda akawa anaapa. Aliinua mkono, akatazama chini, akasema, "Alilala," kwa sauti ambayo hata mimi niliye karibu niliisikia kwa taabu. Afisa Udhamini hakujali sauti.

*

Kisha ukaja Mkutano Mkuu wa Chama. Ulipangwa kufanyika mji wa Mwambani, ng'ambo ya milima, na wajumbe wa nchi nzima walitakiwa wafikishwe huko kwa ndege, kwani mjumbe akisafiri kwa basi hoja zake humwagika njiani. Safari ziliongezwa. Marubani hawakuongezwa. Kapteni Elinami akaonekana asubuhi, akaonekana mchana, akaonekana jioni, kila mara akitembea taratibu zaidi, na nyumbani kwake hakuonekana kabisa.

Asubuhi ya ufunguzi, gari la Shirika lilikwenda kumchukua Mama Kunda ili aje kuapa jinsi mumewe alivyolala kwenye nyumba ambayo hakuikanyaga.

"Mama Kunda, leo tufanye haraka," alisema Afisa. "Kapteni alilala?"

"Alilala wapi?"

"Wapi kivipi? Popote. Sheria haijataja kitanda."

"Kwangu hajafika tangu Jumapili."

"Alipumzika angani, mama. Sema ndiyo tu, watu waondoke."

Mama Kunda akageuka kumtafuta mumewe. Kapteni alikuwa amesimama akiegemea mizani ya mizigo, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, na mizani maskini ilikuwa inajaribu kumpima. Alimwendea, akamshika kidevu.

"Baba Kunda, mimi nani?"

"Mama Kunda."

"Leo ni siku gani?"

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu sana kwa mtu anayekwenda kuruka juu ya milima. Mwishowe akasema, kwa upole wake uleule, "Nisaidie."

Mama Kunda alikuja moja kwa moja kibandani kwangu. "Shemeji, nipe hicho," akasema, na kabla sijajua nimpe au nisimpe, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake.

"Jamani, naomba mnisikilize. Mimi ni mke wa rubani wenu. Huyu mwanaume hajalala. Nampenda, ana watoto, na ninyi mna watu wenu. Msipande."

Kapteni alivua kofia, akaketi kwenye benchi la abiria, akashusha pumzi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukilegea namna ile. Alidhani yamekwisha, na mimi nilidhani hivyohivyo, na moyo wangu ulifurahi.

Aliyeanza ni Mjumbe Kasabuku, mtu mnene aliyevaa shati la Chama. "Mama, ya chumbani kwako usituletee hapa. Mkutano anaufungua Rais mwenyewe. Nikikosekana kwenye kiti changu nitasema nini?"

Dada mmoja alikuwa amebeba shela la harusi juu ya mikono yake miwili. "Dada yangu, harusi ni leo," akasema akikaribia kulia. "Bibi harusi ananisubiri mimi. Avae nini?"

Bibi mmoja alikuwa na dawa za mjukuu aliyelazwa Mwambani. Mwalimu mmoja alikuwa anakwenda kusahihisha mitihani. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

"Kwani lazima mdhamini awe mke?" aliuliza Kasabuku. "Sheria inasema mtu mzima mwenye akili timamu. Basi mimi namdhamini! Nimemwona kwa macho yangu haya amefumba macho pale kwenye mizani. Huko si kulala?"

"Na mimi namdhamini!" akasema mwalimu.

"Na mimi!" akasema dada wa shela, na mikono ya kulia ikapanda ukumbi mzima, wa mwisho ukiwa wa yule bibi, ambaye ilimbidi kwanza auhamishie mfuko wa dawa mkono wa kushoto.

Afisa Udhamini akafungua viganja vyake. "Wengi wape," alisema.

Walimzunguka Kapteni wakimpigia makofi, wakamshika mkono kumwinua kwenye benchi. Alimtazama mkewe juu ya vichwa vyao.

"Mama Kunda, watu wameniamini."

"Wanataka kufika tu, Baba Kunda."

"Sasa nitawaambia nini?"

Mama Kunda alimfunga kifungo cha shingo kilichokuwa wazi, akamwekea kofia vizuri, akakaa benchini palepale alipokuwa amekaa yeye. Nami nikarudi kibandani nikatangaza kwamba rubani amedhaminiwa.

*

Siku hiyo jua lilikuwa linawaka, anga haina wingu, na mlima ulikuwa mahali pake pa siku zote. Watu wa mnara wa Mwambani walimwita Kapteni kwenye redio, hawakujibiwa. Wanasema kitufe cha kuongelea kilikuwa kimebanwa na mkono wa mtu, na kilichosikika ni pumzi, taratibu, ndefu, za watu wawili waliolala. Waliita mpaka sauti zikawakauka. Hakuna aliyetoka hai.

Mama Kunda alikuwa bado yuko benchini, maana gari la Shirika lilishaondoka na hakuna aliyekumbuka kumrudisha nyumbani. Ilibidi nimwambie mimi. Nilizima spika, nikatoka kibandani, nikakaa karibu naye nikitafuta pa kuanzia. Aliniangalia.

"Usiombe radhi, shemeji," alisema. "Sema tu."

Nikasema. Alijifunika uso kwa upande wa kitenge chake chenye picha za tai, na mimi nililia kwa ajili yetu sote wawili.

Serikali haikulala. Iliunda Tume siku hiyohiyo, na Tume ilifanya kazi kwa weledi mkubwa. Iligundua kwamba sheria iko wazi: mwenye kuwajibika ni mdhamini. Ikagundua kwamba wadhamini wa safari ile ni abiria wote. Ikagundua kwamba wadhamini wote wamefariki. Kwa hiyo shauri likafungwa. Abiria wakapongezwa kwa uzalendo wao wa kumdhamini rubani wa nyumbani.

Mama Kunda naye aliitwa.

"Wewe uliiona hatari," mwenyekiti alimuuliza. "Kwa nini hukuizuia?"

"Nilisema, mzee."

"Kusema si kuzuia."

Akapewa onyo kwa kutumia kipaza sauti cha umma bila kibali. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu wale waliosikia.

Tume ikatoa na pendekezo moja, ambalo Waziri alilipokea kwa mikono miwili. Wake wa marubani wamekuwa kikwazo. Kuanzia sasa abiria wenyewe, wakishakaa vitini, watainua mikono ya kulia kumdhamini rubani, wote kwa pamoja, na ndege haitaondoka mpaka kila mkono uwe juu. Wake wakarudisha vitenge.

*

Miili iliyopatikana mlimani ililetwa mji mkuu kwa ajili ya hotuba. Zilipokwisha, ikaamuliwa kwamba Kapteni Elinami, shujaa wa taifa, apelekwe kwao kaskazini kwa ndege ya taifa, na mjane wake asafiri naye. Mimi nilitumwa kama mwakilishi wa wafanyakazi. Jeneza likapakiwa tumboni mwa ndege, nasi tukakaa vitini.

Rubani alitokea mlangoni kupokea udhamini wetu. Alikuwa Mbelwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua kwamba si machozi tu.

Mikono ikainuka. Ndugu wa marehemu waliinua, waandishi waliinua, na wangu ulikuwa umefika begani nilipomwona Mama Kunda, mikono yake yote miwili imetulia mapajani. Nikaushusha.

"Mwanangu," alimuuliza Mbelwa, "umelala lini?"

"Mama, usiniulize hivyo mbele ya watu."

Afisa akaja, akainama. "Mama Kunda, kwa heshima ya msiba. Mkono tu."

"Alale kwanza. Mimi nitangoja."

Zikapigwa simu. Bwana Kishamawe alifika mwenyewe, amevaa suti nyeusi aliyoshonesha kwa ajili ya msiba huu, akapanda mpaka kwenye kiti chetu.

"Mama, taratibu ni taratibu. Kama hudhamini, teremka. Mwili utasafiri bila wewe, huko wamechimba, wanangoja."

"Mwili wa nani?"

"Wa shujaa wa taifa."

Mama Kunda akasimama. "Shujaa wa taifa mzikeni ninyi, mkimpata. Mimi nina mume wangu humo chini. Mteremsheni. Ameruka vya kutosha."

Wapakiaji walimtazama Mkurugenzi, wakamtazama mjane, kisha wakafungua mlango wa mizigo bila kungoja amri. Ndege iliondoka na waliobaki, mikono juu. Ilifika salama, namshukuru Mungu, na Wizara ililieleza jambo hilo gazetini kama ushahidi kwamba utaratibu unafanya kazi.

Mimi sikurudi kibandani. Tulipata lori lililoleta vitunguu sokoni na lilikuwa linarudi kaskazini tupu. Tukalilaza jeneza katikati ya maganda, nikakaa nalo nyuma, Mama Kunda akakaa mbele na dereva, mtu wa makamo anayeitwa Ngwale. Barabara ya nchi yetu nimeshaisifia. Tulikwenda, tukakwama, tukasukuma, tukaenda tena.

Siku ya pili, jua likiwa kichwani, lori lilipunguza mwendo, likasimama kando ya barabara mahali pasipo na nyumba. Niliruka chini nikidhani tumepata pancha. Ngwale alikuwa ameshika usukani, ameona haya kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

"Mama, nisamehe," alikuwa anasema. "Najua mna msiba, najua wanawangoja. Ila macho yangu yananisaliti. Ningepata usingizi kidogo tu..."

Mama Kunda alivua khanga ya mabegani, akaikunja, akaiweka kwenye kiti iwe mto, akateremka kumpisha nafasi. Wakati wote wa msiba sikumwona akilia mbele za watu. Alilia pale, kwenye vumbi, ameshika mlango wa lori.

"Lala, baba," alimwambia. "Lala mpaka ushibe."